Ukuta wa Makaburini

Nyundo ilikuwa tayari juu, imelenga jina la Mwenyekiti wa kanisa.

Jina hilo lilichongwa kwenye marumaru nyeusi, ndani ya makaburi, karibu kabisa na ukuta, na chini yake tarehe ya kuzaliwa, kisha nafasi tupu. Mwenyewe alikuwa hai, amelala hospitalini na nyonga iliyovunjika alipoteleza bafuni. Alijijengea kaburi mapema kwa sababu hakumwamini mtu yeyote kumfanyia kazi safi.

Fundi aliishusha nyundo polepole. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwashi mwenye jina mjini, na hiyo ilikuwa Jumamosi yake ya kwanza ya kujitolea katika makaburi ya kanisa la zamani.

Wenzake wanne walikuwa wakifyeka nyasi na kusugua ukungu kwenye mawe yenye umri wa zaidi ya miaka mia, wakisoma kwa ncha za vidole majina yaliyokwisha kufutika. Kiongozi wao, mwalimu mstaafu, aliiona ile nyundo. Alimsubiri mpaka wakati wa kunawa mikono.

"Mwanangu, kama umekuja kulipiza, rudi nyumbani," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sisi hapa tunatunza, hatuvunji."

"Sitavunja kitu, mwalimu. Nimekuja kujenga."

Mwalimu aliijua habari yenyewe. Miaka ishirini na sita nyuma, mama yake Fundi, aliyedeki sakafu ya kanisa hilo kila Ijumaa bila ujira, alifariki. Jeneza lilipofika getini, Mwenyekiti alisimama njiani akasema marehemu aliishi na mwanamume bila ndoa, hivyo hana sehemu humo ndani. Fundi, wakati huo binti wa miaka kumi na tisa, alipiga magoti kwenye tope akamshika miguu. Mwenyekiti akaichomoa miguu yake, akainama, akafuta viatu kwa leso. Mama akazikwa nje, hatua nne kutoka ukutani, vichakani, mahali watu walipotupa takataka.

Sasa mvua ilikuwa imeuangusha ukuta upande huohuo, na kifusi kimeufunika msingi wote wa zamani. Askofu angekuja baada ya miezi minne kuyaweka makaburi wakfu upya. Kutoka kitandani Mwenyekiti alipiga simu kila siku: alitaka ukuta mrefu, imara, wa kudumu. Alipoambiwa ni nani aliyejitolea kuujenga, alicheka, akasema kumbe hata vinyongo huchoka.

Cha Fundi hakikuchoka. Kila Jumamosi, kabla ya kushika mwiko, aliifuta ile marumaru nyeusi kwa kitambaa. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba amesamehe. Hawakujua kuwa alikuwa akilisoma lile jina herufi moja moja, ndipo mikono yake ipate nguvu ya kubeba mawe.

Mara moja tu mwalimu alimsimamisha. Kamba ya vipimo ilikuwa imekwisha kuvutwa, na mstari wa kwanza wa mawe umelala.

"Ukuta wako una kiuno," alisema.

"Nakwepa mizizi, mwalimu."

Mwalimu aliitazama kamba, akamtazama na yeye. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye mti, akaanza kumpokeza mawe. Wale wengine nao wakaja kubeba mawe. Dada mmoja wa kwaya alichanganya saruji siku hiyo huku machozi yakimtiririka, na alipoulizwa akasema ni vumbi.

Siku ya wakfu, Mwenyekiti alikuja na mkongojo, suti imepigwa pasi, akapelekwa moja kwa moja kwenye kiti cha mbele. Aliutazama ukuta kwa mbali akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasimama kusoma azimio alilolitunga mwenyewe kitandani: kwamba kila aliyelala ndani ya ukuta huu ni wa kanisa, na aliye nje si wake, kwamba mpaka huu hautasogezwa kwa ombi la mtu yeyote, awe nani, na kwamba hakuna sala itakayosomwa upande wa pili. Sauti yake ilikuwa ile ile ya getini. Akatia sahihi. Askofu akatia ya kwake chini yake, akazunguka akinyunyiza maji ya baraka, na watu wakaitikia amina.

Baada ya hapo Mwenyekiti alimwomba Askofu waende pamoja akalibariki kaburi lake, maadamu yupo. Wakafuata ukuta taratibu, umati nyuma yao. Pale ukuta ulipojitokeza kwa nje, Mwenyekiti alisimama mbele ya kaburi lililofagiliwa, lenye msalaba mpya. Akalisoma jina: la mama yake Fundi. Akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Langu liko wapi?" aliuliza.

Fundi alitoka katikati ya watu. Akamwamkia kwa adabu zote, akamshika kiwiko, akamwongoza hatua chache mbele, pale ukuta ulipoingia ndani, akamwekea matofali mawili apande achungulie.

Ng'ambo ya ukuta, katikati ya vichaka, marumaru nyeusi ilikuwa inang'aa.