Kilemba cha Embarek

Jana jeshi la Wafaransa lilitutuma kuokota vyuma pale lilipolipukia bomu lao la atomiki. Leo asubuhi sajenti wa stoo, Mfaransa, aliwagawia wazungu wenzake suti nyeupe, glavu na barakoa. Sisi vibarua wa Reggane, wenyeji wa jangwa hili la Algeria, hatukupewa kitu.

"Na sisi je?" aliuliza mwenzetu Embarek.

"Nyinyi Watuareg mnajifunika uso miaka yote. Hicho kilemba kinakutosha, mzee."

Wenzake wakacheka.

Embarek alikifungua taratibu, mzunguko kwa mzunguko, hadi ukabaki wazi uso ambao hata wakwe zake hawajawahi kuuona. Vumbi jeusi la jana likamwagika mezani kwa sajenti.

"Basi tubadilishane. Vaa."

Sajenti aliruka nyuma, akaziba pua na mdomo.

"Mbona unakimbia?" Embarek alisema, akimfuata nacho mkononi. "Si umesema kinatosha?"