Ukindu na Wembe

Pembe ya bibi mganga ya kuumikia damu ilikuwa imekwisha panguswa, na wembe umelazwa juu ya kitambaa.

"Ni matende hayo, wifi," alisema wifi ya Mwanasaumu. "Likoni nzima ni mbu. Bibi akikutoa damu chafu, mkono utashuka."

Tangu Ijumaa, bangili ya mkono wa kushoto wa Mwanasaumu ilikuwa haizunguki. Alichomoa ukindu kwenye mkeka aliokuwa akiusuka, akauzungushia mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo, akaukata pale ncha zilipokutana. Alipouhamishia kushoto, ncha ziliachana kwa upana wa vidole viwili.

Ndipo alipoyakumbuka maneno ya muuguzi, siku ya kutolewa nyuzi: mkono wa upande huu usichanjwe hata kidogo; ukianza kujaa, uuinue juu ya mto, kisha urudi tuufunge bendeji.

Lakini muuguzi aliijua siri. Nyumbani walijua amepasuliwa jipu. Hakuna aliyejua kwamba titi la kushoto lilikwenda lote. Tangu kabla ya sikukuu ya Madaraka alikuwa akishindilia pamba ndani ya kanchiri.

"Lete mkono, mwanangu," alisema bibi, akiuinua wembe. "Bismillahi."

"Ngoja, bibi."

"Ehee! Wana wanne umezaa, leo waogopa chale?" wifi akacheka.

Mwanasaumu aliinuka, akakomea mlango.

"Haya si matende, wifi. Tazama."

Akafungua leso, kisha kanchiri. Pamba ikaanguka mkekani, miguuni pa bibi aliyeshika wembe.