Mbegu Nyeusi za Bi Vlasta

"Miaka sabini nakula kolache za mbegu za afyuni, umewahi kuniona nimelewa?" Bi Vlasta alimfokea mama kijana wa nyumba ya pili, sahani ya maandazi hayo ya kwao mkononi, na barabara nzima tumetega masikio.

"Sijasema unalewa, bibi. Mkojo wangu ndio unapimwa leo saa nane. Mashine haijui kolache, inajua dawa za kulevya tu."

"Kwa shule ya kwenye kompyuta?"

"Masomo ni ya kompyuta, wagonjwa ni wa hospitali. Nikianguka kipimo hawanipokei, na uuguzi ndiyo basi tena."

Bi Vlasta ndiye aliyemlelea watoto mwaka mzima ili asome kemia. Akaitua sahani kibarazani taratibu, kama mtu aliyetukanwa kanisani.

"Na umekula?"

"Tangu jana, hata kipande."

"Basi zipo za jibini. Hazina mbegu hata moja, naapa kwa marehemu mzee wangu."

Akamfungulia mlango kwa mkono uleule uliokuwa ukikanda unga tangu alfajiri. Chini ya kila ukucha zilijibana mbegu nyeusi.

"Ingia, mwanangu, ule."