Vivuli Viwili kwenye Ngazi za Earlene

Makofi yalipopigwa, Tavon alitamani ardhi ipasuke immeze.

Picha yake ilikuwa ukutani, katika ukumbi wa chini wa kanisa, katikati ya picha nyingine kumi na moja: ngazi za marumaru nyeupe, na vivuli viwili virefu vimezipanda mpaka mlangoni. Kimoja kirefu zaidi. Kingine kimenyanyuka kwa vidole vya miguu. Vinabusiana. Wenyewe hawakuonekana. Kikundi chao cha wapiga picha kilikuwa na sheria mbili tu: piga vivuli, sura za majirani ziache, na piga jua likichomoza, kabla watoto hawajaenda shule.

Hiyo ya pili ndiyo iliyomshinda. Mwezi mzima alizima kengele ya simu akalala. Jumatatu akaona siku zimekwisha na hana kitu, akatoka jioni jua likizama, akapiga hiyo moja kutoka ng'ambo ya barabara, akakimbia kama mwizi. Leo wamemchagua. Picha itatundikwa maktaba, na jina la mtaa wao chini yake.

"Ngojeni kwanza," akasema mzee Rodell, dereva wa basi mstaafu. Yeye huamka saa kumi alfajiri kila siku, na picha yake ya mapipa ya taka imekuwa ya pili. "Baltimore nzima, ngazi zinazosuguliwa zikang'aa hivi ni za Earlene tu. Au siyo?"

"Ndizo zenyewe," mtu akajibu.

"Na nyumba ya Earlene inatazama magharibi. Hilo jua la asubuhi limepitia wapi, jikoni kwake?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha. Macho yote kwa Tavon. Masikio yakamchoma. Mama yake, aliyevaa gauni la Pasaka kwa ajili ya leo, akainamisha kichwa.

Akafungua mdomo aseme ukweli.

"Rodell, mwache mtoto wa watu," Earlene akasema kutoka nyuma. Alikuwa kwenye sare ya kazi tayari. Nyumba ya wazee anakouguza humtaka saa tisa mchana, kila siku isipokuwa Jumapili, na hurudi watu wamelala. "Lile jengo jipya mbele yangu ni vioo vitupu. Asubuhi linanirudishia jua mlangoni mpaka nafumba macho. Wewe umeshakuja kwangu asubuhi?"

"Nije nivunjwe miguu na Clyde?"

"Basi nyamaza. Hapo ni mimi na Clyde. Mume wangu hunibusu kila asubuhi akienda kazini. Nione haya?"

"Miaka ishirini na sita na bado mnabusiana barabarani!" mama mmoja akashangilia.

Rodell akainua mikono, akaomba radhi. Makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza.

Tavon akapeana mikono na watu. Earlene ndiye anayesoma Biblia mbele ya kanisa zima kila Jumapili, na sasa hivi amedanganya hadharani. Kwa ajili yake, yeye mvivu wa kuamka. Akamfuata nje, akamkuta kituoni anasubiri basi, mkoba kifuani.

"Mama Earlene, nisamehe. Ile picha..."

"Ni ya jioni. Najua." Hakumwangalia. "Siku gani?"

"Jumatatu. Narudi ndani niwaambie. Siwezi kukubebesha uongo wangu."

"Hutamwambia mtu." Akamshika mkono, akaubana hadi ukauma. "Huyo mwanamke aliyekuwa na Clyde, uso wake uliuona?"