Mkubwa na Mdogo Ukutani

Hapana, haikuwa betri. Betri husingiziwa kila kitu, kama mtoto mdogo chumba kikinuka.

Kwa Mama Pacha zilifungwa inveta mbili za umeme wa jua, ukutani karibu na choo, zisaidiane mzigo. Mafundi moja huiita mkubwa, nyingine mdogo. Katikati kuna kawaya kembamba ka kuziunganisha ziongee. Kakichomoka, zote mbili zinazima.

Basi akaja baba mkwe wake kukaa siku chache. Mama Pacha alikuwa anajua mzee anapenda utumbo; siku moja alipotembelea kwao aliusifu mno. Kila siku anauosha, mavi ya ng'ombe yanamganda kwenye kucha, kitambaa puani, anaubandika kwenye jiko la umeme. Nyumba nzima inanuka zizi. Mzee anavuta pumzi kwa nguvu.

"Mwanangu, leo tutakula!"

Anainuka, anakwenda chooni. Mara feni kimya, jiko kimya.

Utumbo unabaki nusu mbichi, povu la kijivu juu, inzi wameshafika. Unamwagwa. Wanakula mkate. Wakishamaliza, umeme huo unarudi wenyewe, kama mgeni aliyesubiri vyombo vioshwe.

Siku ya mwisho Mama Pacha akamwita fundi, machozi yako karibu.

"Kesho baba anaondoka. Akifika kwao atasema alilishwa mikate tu. Uso wangu nitauweka wapi?"

Utumbo ulikuwa jikoni tayari, unangoja moto. Fundi akapima betri, nzima. Akavuta nyaya, zimekaza. Akazima kila kitu, akafungua kifuniko cha mkubwa.

Lo! Mende wakamwagika, wengine wakamwingia mpaka ndani ya mkono wa shati. Na chini yao mjusi kaoza, kagandana na mavi ya mende, anavuja maji ya njano. Fundi akatema mate, akatema tena, akapiga kelele kuelekea jikoni:

"Mama! Nimemjua anayekuzimia umeme! Ni mkubwa! Nje anang'aa, ndani uozo mtupu!"

Sebuleni kiti kikalia. Mzee akaja taratibu, kofia kaishika kifuani, akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Ni kweli, mwanangu. Ni mimi. Kale kawaya nilikuwa nakachomoa nikienda chooni, tukishakula nakarudisha. Utumbo unanitapisha tangu utoto. Siku ile kwenu niliusifu kwa adabu tu."

Fundi kaduwaa, mende mmoja bado anamtembea shingoni.

Mama Pacha akaangalia sufuria. Akamwangalia mzee.

"Baba," akasema, "na mimi kila nikiuosha natapikia nyuma ya banda."

Akaibeba sufuria kwa mikono miwili, akaenda kuimwaga mbali. Fundi akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Wakaketi wote, wakala mkate.