Mwalimu wa Namba Saba

Fundi Mkuu hakuwa na shahada. Hakuwa na tai, ila ile ya kuazima aliyopigia picha ya kitambulisho. Hakuwa na ofisi yenye zulia, wala gari la shirika, wala medali. Na katika miaka thelathini na moja ya kulaza na kuamsha injini za shirika la ndege la serikali, hakuwahi kupata mtu hata mmoja wa kusimama mbele za watu akasema, "Huyu ndiye aliyenifundisha."

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Mengine aliyazoea.

Medali aliipata Profesa. Hakuwa profesa wa kitu chochote. Lilikuwa jina la utani tu, kwa ajili ya miwani yake na maneno marefu. Wawili hao walianza kazi siku moja, enzi zile shirika lina ndege mbili za pangaboi, moja ikiruka na nyingine ikinyofolewa vipuri ili mwenzake isilale chini. Profesa akapelekwa ng'ambo kusoma. Fundi Mkuu akabaki na spana zake, jioni akikimbilia darasa la watu wazima. Sasa serikali ilikuwa imeagiza ndege tisa mpya, zitue hata katika miji ya pembezoni ambayo watu wake waliijua ndege kwa mlio tu, ikipita juu. Na pale mapokezi ilitundikwa picha kubwa ya Profesa, chini yake maandishi: "Mlezi wa Mafundi." Kila asubuhi Fundi Mkuu alipita hapo akitazama sakafu.

Ndege mpya zilitaka mafundi wapya. Nafasi za mafunzo zilikuwa kumi, tisa zimeshajazwa. Kwa ile ya kumi wasahihishaji wawili walivutana: mmoja alimtaka Namba Saba, mwenzake Namba Kumi na Nne. Bodi ikamwachia Fundi Mkuu neno la mwisho. Majina hayakuwepo. Bodi ilikuwa imechoka na wakubwa kupenyeza watoto wao, kwa hiyo kila mwombaji alipewa namba, akakatazwa kuandika lolote la kumtambulisha.

Mchana wa kuyasoma majibu ya hao wawili, binti yake alimletea karakanani miwani aliyoisahau nyumbani. Alisimama kizingitini, hakutia mguu ndani.

"Ingia, mwanangu. Leo unaogopa grisi?"

"Naogopa hayo mafaili, Baba. Yana siri za watu."

"Na zako je? Chuo umemaliza, kazi umeomba, wapi hatuambiwi. Hata mama yako hajui."

"Mtajua tu." Akacheka. "Maliza bwana, nakusubiri nje twende wote."

Fundi Mkuu akavaa miwani. Namba Kumi na Nne alikuwa wa kawaida, si mbaya, si mzuri. Namba Saba alijibu maswali ya injini kana kwamba alizaliwa ndani yake. Kazi ilikuwa imekwisha hapo. Basi akafunua ukurasa wa mwisho, penye swali: Nani alikufanya uipende kazi hii?

"Kuna fundi mmoja," Namba Saba aliandika. "Sidhani kama anajua kwamba alinifundisha. Nimekaa miaka nikimtazama. Kabla ya kukiamini chuma chochote hukigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa upande, akaacha mdomo wazi kama mtu anayetaka kupiga chafya, akasikiliza. Mwenyewe hana habari kwamba hufanya hivyo. Vitabu vilinipa majina ya vitu. Yeye alinipa masikio. Nikifaulu, siku moja nitasimama mbele za watu nimtaje."

Alisoma mara tatu.

Mdomo wazi! Nani mwingine katika karakana ile hukaa mdomo wazi kama si Profesa? Mkutanoni mdomo wazi, akipigwa picha mdomo wazi, nusura nzi wahamie. Kumbe medali haikumtosha. Picha haikumtosha. Na hili nalo achukue yeye, hili moja ambalo Fundi Mkuu angetoa vidole viwili alipate!

Alijua Namba Saba ndiye anayefaa. Alijua hivyo kama anavyojua nati iliyokaza na iliyolegea. Lakini wivu ulikuwa umeshamkaa kooni, haumezeki, hautemeki. Akachukua kalamu.

"Namba Saba asichukuliwe. Majibu yake ni ya kukariri, na anajua zaidi kusifu watu kuliko kufungua nati. Nampendekeza Namba Kumi na Nne."

Akatia saini. Akasita kidogo, kalamu hewani. Kisha akaikumbuka ile picha ya mapokezi, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika.

Sanduku la barua za bodi lilikuwa la chuma, limefungwa kwenye ukuta wa nje wa karakana, na ufunguo alikuwa nao katibu peke yake. Hatua chache kutoka hapo binti yake alikuwa amekaa juu ya tairi bovu la ndege, kiti chake tangu darasa la kwanza, akimngoja. Fundi Mkuu akaitumbukiza bahasha. Hakuisikia ikianguka, ilikuwa imekwama mdomoni mwa sanduku. Akaligonga sanduku mara mbili kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Baba jamani!" binti yake akaangua kicheko. "Utadhani unataka kupiga chafya!"

Ndani ya sanduku, bahasha ikateleza, ikatua.