Mwenye Kusimama Kashindwa

Jecha aliushika mpira wa mbele wa lori kwa mikono miwili akautikisa, kisha akapiga magoti kwenye vumbi kuzichungulia breki. Alikuwa keshazichungulia tangu asubuhi. Mtu akishafikwa na dhiki haamini hata macho yake.

Dhiki yenyewe ilijulikana mtaa mzima. Gari aliyokuwa akiiendesha ilikufa injini, na tokea hapo hana kazi. Baba yake yu kitandani, kifua kimembana, na chungu cha nyumbani kinainjikwa kwa ihsani ya majirani. Sasa Bwana Matar kaleta basi jipya la kwenda Makunduchi, na anataka dereva mmoja tu. Waliobaki ni wawili, Jecha na kijana mmoja wakimwita Msabah. Msabah lilikuwa jina la baba yake, lakini madereva ndivyo walivyomzoea. La kwake mwenyewe labda walilijua mamaake na shangazi zake. Mwengine angewapima kwa kuwapa abiria. Bwana Matar, mpenda mashindano yule, kasema nendeni Chukwani kwenye njia iliyonyooka, chukueni malori yangu ya zamani, atakayefika mwanzo basi ni lake.

Pandu, fundi wa magari aliyewekwa kuwa msimamizi, aliwaita akawapa masharti. Kila mtu na upande wake, asiuvuke mstari wa chokaa. Hapana kuondoka kabla kitambaa hakijashuka. Utingo asipande. Aliyetangulia asimkatie mwenziwe njia wala asimfungie breki usoni. Na ukiona jambo limekutisha, kamata breki, toka uingie majanini, hapana atakayekucheka.

"Lakini mwenye kusimama kashindwa," alisema Pandu. "Hapana kuanza tena. Mmenisikia?"

Wakaitikia, wakapeana mikono kama ilivyo ada. Msabah aliushikilia mkono wa Jecha kidogo, akamuuliza khabari za mgonjwa na za wote nyumbani. Jecha alimjibu kwa mkato. Hakuwa na haja ya adabu za mtu anayetaka kumpokonya tonge.

Moyo wake ulikuwa nyumbani, Kiembe Samaki, si mbali na pale. Alipokuwa anatoka, mgonjwa alikuwa akivuta pumzi kwa tabu. Jecha alimwachia dada yake, Mashavu, maneno ya wazi.

"Mzee akizidiwa, njoo uniite. Hata kama nshaondoka, simama njiani uniite."

Mashavu alimwambia aende kwa amani, baba hatakuwa peke yake, Bi Kidawa jirani yupo. Siku zile maskini ya Mungu alikuwa hali akashiba wala halali. Alikuwa akiuliza kama malori yale hupinduka, kama madereva huumia. Jecha alimwonea huruma, akamwambia aache kujitia wasiwasi bure.

Kitambaa kikashuka.

Lori la Msabah ndilo lililotangulia kuchomoka. Jecha akauma meno, akabadilisha gia, akamwomba Mungu kwa sauti bila ya haya. Minazi ikaanza kurudi nyuma. Kidogo kidogo akamfikia mwenziwe, wakawa sambamba, kisha akampita. Kwa jicho la pembeni alimwona Msabah anazidi kubaki. Huko mbele Bwana Matar na watu wake walikuwa wameshaonekana. Ya Rabi, basi lile limeshakuwa lake!

Ndipo akamwona Mashavu.

Alikuwa kasimama ukingoni mwa njia, buibui limemshuka mabegani, mikono kichwani, machozi yanamtoka. Malori yale hayakuwa na milango, na sauti yake ilimfika Jecha yote.

"Mzee! Mzee! Mola wangu, Mzee!"

Mguu ulikanyaga breki wenyewe. Lori likayumba, likaingia majanini, likazima. Msabah akapita. Jecha alizisikia shangwe za watu huko mwisho wa njia wala hakugeuka kutazama. Basi lile na liende. Kazi hutafutwa ikapatikana, baba hana wa pili. Alijilaani kwa kumwacha mgonjwa akaja kushindana na watoto wa watu, akakimbia kurudi alikotoka, huku analia kwa sauti, dume zima. Alimfikia dada yake akamshika mabega. Mashavu alikuwa ananukia asumini.

"Niambie kweli, dada yangu. Nitamkuta?"

Mashavu alimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Umkute nani? Baba? Baba nimemwacha anakunywa uji, anakuombea dua ushinde."

"Si ulikuwa unamlilia Mzee?"

Mashavu alilivuta buibui akajifunika mpaka puani. Kule mbele watu walikuwa wameshampandisha mshindi mabegani.

"Mzee ndo yule wanayembeba," alisema taratibu. "Nyinyi mnamwita Msabah."